Mzee amestaafu, pensheni inaingia, lakini anashinda kwenye kiti. Tuanze na nini?

Mwana_Tororo

Habari zenu wote. Nauliza kwa ajili ya mzee wa miaka 62, mwalimu mkuu wa primary aliyestaafu alipofika 60. Sasa yuko kijijini, nje kidogo ya Tororo, mashariki mwa Uganda. Pensheni inaingia, nyumba anayo, chakula kipo, watoto wamemaliza shule. Ana presha na anameza dawa. Shida ni kwamba kuanzia saa tatu asubuhi anakaa barazani na redio mpaka giza linaingia. Hasemi anaumwa. Ukimwuliza anajibu, "Niko sawa, nimechoka tu." Huyu ni mtu aliyekuwa anaamka saa kumi na moja ili awahi shuleni kabla ya kengele.

Ushauri tuliopata hadi sasa: mnunulieni ng'ombe, mfungulieni duka, mpelekeni Kampala akae na wajukuu. Padri amemwambia ajizoeze kushukuru. Naomba wanaoyajua mambo haya watuambie hatua kwa hatua tuanze na nini, na vitu gani huharibikia njiani. Maneno ya kutia moyo tunayo ya kutosha.

NesiWaWazee

Kabla ya ng'ombe na kabla ya mahubiri, mpelekeni akapimwe. Mzee anayekaa kimya siku nzima watu husema amekata tamaa, kumbe mara nyingi ni jicho, sikio, usingizi au dawa zenyewe.

Macho: mpe gazeti asome maandishi madogo, halafu mwulize kama mwanga wa taa za gari usiku unamsambaa machoni. Miwani ya kusomea si gharama kubwa, na mtoto wa jicho hutolewa kwa upasuaji mfupi.

Masikio: sikiliza sauti ya redio yake. Kama inakuumiza wewe na yeye ametulia tu, hapo pana jambo. Asiyesikia vizuri huanza kukwepa mazungumzo ya watu wengi, mwisho hatoki kabisa, na familia inamwona ana kiburi. Wakati mwingine ni nta tu. Nesi akishahakikisha sikio halitoi usaha na ngoma haijatoboka, mafuta kidogo ya kulainisha kwa siku kadhaa hurahisisha kulisafisha. Msichokoe kwa njiti ya kiberiti, nta inaenda ndani zaidi.

Dawa: andikeni kila kidonge na saa anayokimeza. Dawa ya presha ya aina ile ya kukojoza, ikimezwa jioni, humwamsha mara tatu nne usiku, na asubuhi ndiye huyo mchovu wa barazani. Mwulizeni daktari kama inaweza kuhamia asubuhi. Piriton, ambayo watu hununua dukani ili walale, kwa mzee inaweza kuleta kuchanganyikiwa, choo kigumu na mkojo kukwama. Mwenye sukari aliyetumia metformini miaka mingi apimwe vitamini B12, kwa sababu ikipungua huleta uchovu na kusahau. Lakini msimkatizie dawa yoyote nyinyi wenyewe.

Miguu mnaweza kuipima nyumbani. Chukua kiti cha kawaida, kimo kama sentimita 43, kiegemeze ukutani kisiteleze. Akunje mikono kifuani, asimame wima kabisa, akae, asimame, kwa sekunde 30, wewe ukihesabu. Mwanamume wa miaka 60 hadi 64 akipata chini ya mara 14, miguu imeanza kulegea. Mwanamke wa umri huo ni chini ya 12. Akilazimika kujisukuma kwa mikono, andika sifuri. Tiba ni zoezi lilelile: mara nane, pumzika, mara nane tena, siku tatu kwa wiki, pamoja na kutembea nusu saa siku tano. Hapo anafikisha dakika 150 ambazo Shirika la Afya Duniani linazitaja kuwa kiwango cha chini kwa wiki.

Halafu huzuni yenyewe. Angalieni dalili zinazodumu wiki mbili: hafurahii tena alichokipenda, anaamka saa tisa usiku na usingizi haurudi, hali chakula vizuri, anasema amekuwa mzigo. Akitamka kwamba afadhali afe, hilo halingoji wiki mbili, ni siku hiyohiyo. Si lazima kwenda Butabika, ile hospitali kuu ya magonjwa ya akili kule Kampala. Hospitali za rufaa za mikoa zina watu wa afya ya akili, na kwenu Tororo iliyo karibu ni Mbale. Waragi, yaani pombe kali, pia mwulizeni, kwa upole, bila watoto kusikia.

Kwa Kiganda kuna maneno mawili ya hali hii, *okwekyawa*, kujichukia, na *okwekubazida*, kujihurumia. Watafiti waliyatumia hayohayo katika vijiji 30 vya Masaka na Rakai, matokeo yakachapishwa 2003. Vikundi vilikutana mara moja kwa wiki, dakika 90, kwa wiki 16. Viongozi walikuwa watu wa hukohuko waliofunzwa wiki mbili, wala si madaktari. Huzuni ilipungua mno kuliko kwenye vijiji visivyopata vikundi. Walishughulikia mambo matatu: msiba, ugomvi, na mtu kubadilikiwa na nafasi yake maishani. Kustaafu kumo kwenye hilo la tatu. Kwa hiyo "nimechoka tu" msiichukulie juujuu.

Sanduku_Funguo3

Nesi kamaliza upande wa mwili. Mimi naingia kwenye kazi.

Kilichomtoka huyu mzee ni kengele. Shule nzima ilikuwa haianzi bila yeye. Ng'ombe atamngoja mchungaji, duka litamngoja kijana wa kaunta, na yeye atabaki palepale akiwa mwenye mali. Mtafutieni kitu kidogo chenye siku, chenye saa, na chenye mtu atakayekuja mlangoni kuuliza mbona hakufika. Hivyo vitatu vikikosekana hata kimoja, baada ya mwezi amerudi kwenye kiti.

Mfano ambao uko karibu kila kijiji ni kikundi cha akiba cha sanduku. Wanachama 15 hadi 25, wanakutana siku moja kwa wiki, kila mtu ananunua hisa kuanzia moja mpaka tano, mzunguko ni miezi 9 hadi 12 ndipo wagawane. Sanduku la chuma lina kufuli tatu, na funguo wanashika watu watatu tofauti. Mwenye ufunguo asipofika, sanduku halifunguki. Watu ishirini wanakaa chini ya mwembe wakitazama njia. Mpeni mzee ufunguo mmoja. Haina mshahara na haina cheo kikubwa, lakini kila Alhamisi saa tisa anatakiwa.

Taratibu zake zishikwe vizuri, maana hapa ndipo vikundi hufia. Mshika ufunguo asiwe mwenyekiti, katibu wala mweka hazina. Anayelaza sanduku nyumbani kwake asiwe na ufunguo hata mmoja. Watatu hao wasitoke ukoo mmoja. Kabla ya kufunga kikao, mweka hazina anatangaza fedha zilizobaki kwa sauti na kila mtu anaikariri ile hesabu kichwani, kikao kijacho kinaanza kwa kuiuliza. Mwalimu wa hesabu hapo ameshapata kazi ya pili.

Vinavyoharibu: hisa kupangwa ghali kwa kufuata vijana, mzee anaona aibu kununua moja na anaacha kuja. Kwa kikundi chenye wazee wengi, shilingi 1,000 kwa hisa inatosha. Lingine ni mtoto kumtuma mzazi akope kwa jina lake. Mkopo kwa kawaida ni mpaka mara tatu ya akiba ya mtu, mwana anaula, mzee anakwepa vikao kwa deni ambalo si lake. Wekeni sharti tangu mwanzo kwamba mkopaji aeleze mbele ya wote fedha inakwenda wapi. Na wiki za mwisho kabla ya mgao, mikopo yote irudi na fedha ipelekwe benki au kwenye simu ya kikundi, kwa sababu wezi nao wanahesabu miezi.

Kwa kuwa ni mwalimu, ongeza hili: watoto sita wa P3 (darasa la tatu), siku tatu kwa wiki, saa kumi na moja jioni, dakika 40. Kila mtoto asome kwa sauti dakika tano, zinazobaki ni hadithi. Wasizidi sita. Wakifika kumi na tano limekuwa darasa, amerudi kazini bila mshahara na ataacha. Asilipwe fedha, kwa sababu mzazi akilipa anaanza kudai matokeo. Mzazi akitaka kushukuru, alete ndizi.

Barazani_Tu

Naomba kupinga kidogo. Mtu ameamka saa kumi na moja miaka thelathini na kitu. Ana haki ya kukaa barazani kwake bila kikundi, bila watoto wa watu. Kuna uchovu wa miezi mingi unaotoka taratibu. Siku hizi kila mzee aliyetulia anaitwa mgonjwa.

Sanduku_Funguo3

Barazani_Tu, uko sahihi, na miezi mitatu minne ya mwanzo nisingemgusa mtu. Ila huyu ni mwaka wa pili. Kuna kipimo rahisi. Mwulizeni usiku redio ilisema nini. Anayepumzika atawaambia habari, atamkosoa mtangazaji, atagombana na waziri. Aliyejiondoa hata hajui stesheni gani ilikuwa imefunguliwa.

Miche_Busoga

Mimi ni upande wa mikono. Kama ana kivuli na maji karibu, kitalu kidogo cha maparachichi ya kubebesha, yaani kuunganisha kitawi cha mti mzuri kwenye mche wa kienyeji, kinamfaa mtu wa umri huu kuliko ng'ombe. Kazi ya kubebesha inataka jicho, kisu kikali na subira, haitaki nguvu. Halafu miche haingojeki, asubuhi isipopata maji jioni imelegea.

Aanze na mifuko 60, isizidi. Hesabu yenyewe: kila mfuko robo lita kwa siku ya jua, ni lita 15, yaani jerikeni za lita tano tatu. Jerikeni ya lita 20 aiache, ni kilo 20 za kuvunja kiuno. Mifuko ipangwe juu ya meza ya mbao au mianzi yenye kimo cha nyonga, asiiname. Wengi huweka chini kwa kuokoa mbao, na baada ya wiki tatu mzee anasema mgongo, kitalu kinakufa.

Mbegu ni kokwa za parachichi la kienyeji, zilizotoka kwenye tunda lililoiva vizuri, zisioteshwe zikiwa zimekaa zaidi ya wiki mbili maana hukauka ndani. Osha, menya lile ganda la kahawia, huota upesi zaidi. Panda upande mpana chini na ncha juu, ncha ichomoze kidogo. Udongo: ndoo tatu za udongo wa juu, moja ya samadi iliyooza kabisa, moja ya mchanga. Samadi mbichi huunguza mizizi. Mbegu huchukua kama mwezi kuchipua, nyingine zaidi, asizitupe mapema.

Shina likifika unene wa penseli, kwa kawaida miezi mitatu minne, ndipo abebeshe. Achukue kitawi cha sentimita 10 hadi 15 kutoka mti wa parachichi la kisasa unaozaa vizuri, kinene sawa na shina la mche, chenye vichipukizi vilivyovimba lakini havijafunguka. Akate majani yote, aache vikonyo vifupi. Akikate asubuhi na akifunge kwenye kitambaa chenye unyevu. Mche aukate kichwa kwa kimo cha sentimita 20 hivi, apasue katikati sentimita tatu. Kitawi akichonge pande mbili kiwe kama kabari, kila upande mkato mmoja tu, bila kurudiarudia. Akiingize taratibu mpaka ganda la kitawi na ganda la mche likutane angalau upande mmoja. Hapo ndipo watu hukosea: wanaweka kitawi katikati kabisa ya mche ulio mnene zaidi, ganda halikutani popote, baada ya siku kumi kimekuwa cheusi. Afunge kwa utepe wa plastiki kuanzia chini kwenda juu ili maji yasiingie, avike kimfuko cha nailoni juu, aweke kivulini. Wiki tatu nne chipukizi linatokeza, kimfuko kinatolewa jioni, kamwe si mchana wa jua. Vichipukizi vinavyoota chini ya kiungo ving'olewe kila wiki, la sivyo parachichi la kienyeji linalirudisha lile la kisasa kaburini.

Kumi za mwanzo zikishika nne, amefanya vizuri. Mwambieni mapema, maana mwalimu mkuu hajazoea kupata 40 kwa 100.

Na kijana mmoja wa jirani awe anakuja kujifunza. Bila mwanafunzi, kitalu kitampa miche tu.

Mshauri_Jinja

Nijibu la padri. Kushukuru kunafaa, na kuna namna ya kukufanya. Utafiti wa Robert Emmons na Michael McCullough uliotoka 2003 uliwaomba watu waandike mpaka vitu vitano vya kushukuru, mara moja kwa wiki, kwa wiki kumi. Walijiona na maisha mazuri kuliko wenzao walioandika kero. Kundi la Martin Seligman 2005 lilitumia namna nyingine: kila usiku kwa wiki moja, andika mambo matatu yaliyokwenda vizuri *na kwa nini yalikwenda hivyo*. Faida yake ilionekana hata miezi sita baadaye. Walijaribu pia barua ya shukrani inayosomwa uso kwa uso kwa mtu ambaye hujawahi kumshukuru ipasavyo. Hiyo ilipandisha furaha juu sana, ila ilipofika mwezi wa tatu haikuonekana tena. Kwa hiyo barua ni sherehe, yale mambo matatu ndiyo chakula cha kila siku.

Kwa mzee wenu ningeanza na wiki moja ya mambo matatu, kisha mara moja kwa wiki, tuseme Jumapili jioni. Kinachoharibu kwanza ni maneno ya jumla. "Namshukuru Mungu kwa uzima" ni sala njema na aendelee nayo, lakini kwa zoezi hili haitoshi kwa sababu kesho ataandika hilohilo bila kufikiri. Aandike: "Yule mtoto wa P3 amesoma ukurasa mzima bila kusimama, kwa sababu jana tulirudia herufi *ng'*." Hiyo *kwa sababu* ndiyo inayomwonyesha mkono wake mwenyewe umo katika siku.

Cha pili ni kuzidisha. Kila siku kwa miezi inageuka kazi ya nyumbani. Na cha tatu, ambacho kwetu ni kikubwa, ni watoto kumwambia mzazi "shukuru, wenzako hawana hata pensheni." Hapo umemfunga mdomo. Kama ana uchungu wa cheo kilichoondoka au wenzake waliokufa, aruhusiwe kuusema kwanza. Shukrani ya kuamrishwa hufundisha mtu kuficha.

Asiyeandika atumie empiki, zile mbegu za omweso, bao la Kiganda. Tatu mfuko wa kulia asubuhi. Kila jambo jema likitokea anahamisha moja kushoto, na usiku anamsimulia mjukuu mbegu zile tatu ni nini. Tukiutaja omweso, mbao yenyewe inunueni. Mashimo 32, mbegu 64, na mpinzani anayeijua njia ya kwenu. Saa ya omweso haihitaji utafiti wowote kuitetea.

Binti_Bombo

Nadandia hapahapa. Jajja (bibi) wa kwetu ana miaka 81, mjane, hasomi, magoti hayamruhusu kufika kwenye kikundi wala kusimama kitaluni. Akili iko safi kabisa. Yeye afanye nini?

Mshauri_Jinja

Binti_Bombo, kwake kukaa kwenyewe kuwe ndiyo kazi. Njia mbili.

Ya kwanza ni kurekodi maisha yake. Daktari Robert Butler aliandika 1963 kwamba mzee kurudia ya zamani si kuchanganyikiwa, ni kupanga hesabu za maisha. Simu inatosha. Vikao nane, kimoja kwa wiki, dakika 40 na si zaidi, saa ileile, akishakunywa chai. Simu ikae juu ya kitambaa kilichokunjwa, karibu na mdomo wake kama urefu wa mkono hadi kiwiko. Ikikaa kwenye meza tupu inanasa kila kikombe kinachoguswa. Kuku wafungiwe. Kila kikao kipindi kimoja: utoto, ndoa, kazi, vita na kuhama, watoto, misiba, mapishi na dawa, na cha mwisho anachotaka kuachia watu.

Usimwambie "tueleze maisha yako," atasema hana la kusema. Mwulize mlango wa nyumba aliyozaliwa ulitazama wapi. Nani alikuwa anaamka wa kwanza. Maji yalitoka kisima gani na walipita kwa nani. Kutoka hapo anajiendesha mwenyewe. Akikosea mwaka usimsahihishe, andika pembeni. Akinyamaza, hesabu polepole mpaka kumi kabla ya kuuliza tena, maana jambo zito huja baada ya kimya. Likitoka la siri, zima na umwulize nani aruhusiwe kulisikia. Faili ipe tarehe, jina na mada, nakala moja ibaki kwenye simu, nyingine kwenye memori kadi ya mtu wa nyumba tofauti. Saa moja ya sauti huchukua kama MB 60, si mzigo. Kama ni katika wale wanaosuka tabaga, vile vifuniko vya chakula vya rangi vya Wanubi, hiyo piga video ya mikono yake tu, kwa ukaribu, polepole, na ataje kila rangi anavyoipata.

Ya pili inatoka Zimbabwe. Tangu 2006 Dk. Dixon Chibanda wa Harare amewafunza kina bibi kukaa kwenye benchi karibu na kliniki na kuwasikiliza wenye mawazo mengi, na utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha dalili za waliosikilizwa zilipungua. Bibi anamwachia mtu ataje shida zake zote, anamwuliza achague moja, wanatafuta hatua moja ndogo yenye siku, kisha anamwambia arudi aseme ilikwendaje. Jajja wako anaweza kulifanya hilo kwa mabinti na wakwe wa jirani. Mfunzeni mambo mawili: asitoe amri, na asisimulie kwa mwingine. Mtu akitaja kujiua, Jajja asibaki naye peke yake, mpelekwe hospitali.

NesiWaWazee

Na SAGE yake, ile ruzuku ya serikali kwa wazee, mmeshaifuatilia? Ni shilingi 25,000 kwa mwezi kwa waliofikisha 80. Orodha inafuata mwaka wa kuzaliwa ulio kwenye kitambulisho cha taifa, na wazee wengi waliandikiwa mwaka wa kukisia wakati wa kusajiliwa. Kama yeye anasema 81 na kadi inasema 76, anzeni NIRA, ofisi ya vitambulisho, mapema, mkiwa na cheti cha ubatizo au karatasi yoyote ya zamani. Fedha yake aishike mwenyewe, hata kama ataitumia yote kuwanunulia wajukuu mandazi.

Hesabu_Polepole

Fupi tu kwa Mwana_Tororo, kuhusu duka. Kiinua mgongo kisiguswe kwa biashara mpya miezi sita ya kwanza, na kama kuna kilichobaki, kikae mahali pa kuchosha: akaunti ya muda maalumu au hati za hazina za Benki Kuu, za siku 91, 182 au 364. Zinaanzia shilingi 100,000, na kodi ya asilimia 20 hukatwa kwenye faida. Boda, matatu na duka la kuendeshwa na mpwa huwa vinamletea mzee ugomvi kuliko fedha. Kitalu cha mifuko 60 kikifa, amepoteza mbao na jioni kadhaa.

Mwana_Tororo

Asanteni sana. Jana usiku nimemwuliza redio ilisema nini. Hakujua. Jumatatu tunakwenda Mbale, macho na masikio kwanza, na karatasi ya dawa ninayo. Miche_Busoga, hicho kisu cha kubebeshea ni kipi, na kinapatikana wapi?

Miche_Busoga

Usihangaike na kisu cha duka la kilimo kwa sasa. Kisu kidogo cha jikoni chenye ubapa mwembamba, kinolewe upande mmoja tu, upande wa pili ubaki bapa, ndipo mkato unanyooka. Jaribu kwenye karatasi ya daftari: kama kinararua badala ya kukata, rudi kwenye jiwe. Kati ya mche na mche akipanguse kisu kwa kitambaa chenye Jik (dawa ya klorini ya kung'arisha nguo) iliyochanganywa, sehemu moja kwa maji tisa, asipitishe ugonjwa. Utepe usipopatikana, chukua kaveera (mfuko wa plastiki) safi inayoonyesha ndani, kata vipande vya upana wa sentimita mbili, uvute kidogo unapofunga. Wakati wa kuchonga, kidole gumba kikae nyuma ya kitawi, kamwe kisiwe mbele ya kisu. Na miwani mpya ikishatoka Mbale ndipo aanze, asianze kabla.